Ndai ya Japan, Stika ya Tao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mlaleo. Beste wangu anawasha Vitz yake. Kabla injini haijatulia, sauti ya manzi inatoka ndani ya dashibodi. Laini. Taratibu. Heshima mob. Sentensi moja ya Kijapani, halafu kimya.

Maskani yote inamjibu. "Salama, mrembo!" Mama mahamri anajibu. Madere wa tuktuk wanajibu. Mtoto wa jirani na begi lake la shule anapunga mkono. Mwaka wa pili huu, na mtaa ulishaamua: manzi anatupa sabalkheri.

Sasa skiza, mwanangu. Hasemi sabalkheri. Anaitisha kadi.

Iko hivi. Japan barabara zao kubwa ni za kulipia, so ndai nyingi zina kimashine kinaitwa ETC. Unachomeka kadi, unapita getini bila kusimama, doh inakatwa yenyewe. Ukiwasha gari bila kadi, manzi anakukumbusha: kadi haijawekwa. Basi, hiyo tu. Kila asubuhi ya Mungu, hapa Kisauni, mrembo anaitisha kadi ya barabara iliyo zaidi ya kilomita 10,000 kutoka hapa. Na sisi tunamuuliza ameamkaje.

Nimeanza na yeye juu ndiye Japan ya ukweli kwa hiyo Vitz. Hajui yuko Kisauni. Hajapambwa. Hajaribu kumbamba mtu. Alipewa kazi na anaifanya. Vitu vingine vyote beste ameongeza tangu anunue gari, hivyo tuviite Japan ya stika. Na leo nataka tubonge hiyo tofauti, juu mtaani watu wanachomwa doh vibaya sana.

Anza na stika zenyewe. Ngiri nne na nusu. Hiyo ndiyo doh beste alimwaga tao siku moja. Kwa boneti, herufi nyekundu za Kijapani, kubwa ka sinia ya biriani ya harusi. Nyuma akadunga STI, pinki. Maze, STI ni ya Subaru. Vitz ni Toyota. Hiyo ni ka kuvaa jezi ya Bandari halafu mgongoni umeandikwa Gor Mahia. Tukamwambia. Akasema hatuna macho ya design.

Siku tatu baadaye akapita dem wa Mtopanga, yule anasomea mambo ya hoteli. Akatoa simu, akawasha ile apu ya kutafsiri, akaelekeza kamera kwa boneti. Tukasimama nyuma yake mbogi nzima, tunangoja neno la nguvu. Shujaa. Dhoruba. Joka. Skrini ikafikiria kidogo, ikaandika: MAEGESHO YA WATEJA PEKEE.

Kuchoma picha nimeona, lakini hiyo ilikuwa moto wa Kongowea. Tangu siku hiyo beste anaitwa Maegesho. Hata mathe wake anamuita Maegesho. Na mimi nitamuita hivyo mpaka mwisho wa hii stori.

Shida ya Maegesho haikuwa kupenda Japan. Mimi pia naipenda, wallahi, nimelelewa ndani ya magari yao. Shida ni kwamba yale maneno hayakuwa na mwenyewe. Aliyeyachapa hakuyajua. Aliyeyauza hakuyajua. Aliyeyabandika, halahala. Mikono mitatu imepitisha neno na hakuna hata mmoja aliyeuliza linasema nini. Shika hiyo, nitairudia tukifika kwa sanduku la nyanya.

Luku nazo ni vile vile. Tisheti ya anime, mpya, maandishi ya Kijapani mpaka kwa mkono, ngiri na nusu. Unaifua mara mbili, Naruto anabaki na jicho moja. Sasa mcheki fundi wetu wa Bakarani. Huyo hudunga koti la kazi la kijivu, la mtumba, alilitoa Kongowea kwa soo mbili na finje. Kifuani kuna jina la kampuni ya Kijapani limedarizwa kwa uzi wa bluu, padogo, hata hulioni mpaka umkaribie. Mifuko imeshonwa mara mbili. Zipu inapanda na kushuka ka siku ya kwanza. Koti limefanya kazi kiwandani kwao, limevuka bahari, sasa linalala chini ya maprobox na bado halijatoa uzi. Ngiri na nusu dhidi ya mia mbili hamsini. Kisauni Japan ya kelele ndiyo ghali.

Na msosi? Niliingia mahali Nyali, jina nalimeza. Sushi vipande vinane, ngiri moja na mia nane. Mia nane ya juu pekee ingenishibisha viazi karai wiki nzima. Ule mnofu mwekundu na mweupe wanaouita kaa si kaa. Ni samaki mweupe amesagwa, akatiwa rangi na ladha. Ile wasabi ya kijani nayo, sehemu nyingi duniani ni hosiradishi iliyopakwa rangi. Na hapo nyuma ya Junda, mikoko ya Tudor imejaa kaa wa ukweli wanatembea kiupande. Lakini cheki hii, ndiyo hunibamba: kale ka-kaa ka kusaga walikavumbua Wajapani wenyewe, miaka ya 1970. So ile ni feki ya orijino. Hesabu hiyo nilishindwa, nikalipa, nikarudi Kisauni kula mishkaki.

Turudi kwa Vitz, juu hapa ndipo mambo yalichacha.

Maegesho alipeleka ndai kwa fundi, servisi ya kawaida, chini ya mwembe. Fundi hakufungua boneti. Alifungua mlango wa dere, akainama, akapangusa vumbi kwa kidole gumba. Pale kwa nguzo ya mlango, mahali hakuna mtu huangalia, kulikuwa na kikaratasi kidogo ka tikiti ya basi. Kimechapwa Kijapani, na katikati kuna nafasi zimejazwa kwa kalamu nyeusi, mwandiko wa mtu asiye na haraka. R3. Chini yake, mwezi wa 2. Chini yake, 94,300.

Maegesho akasema, "R3 ni gredi, ama?"

Wapi. R ni Reiwa, enzi ya mfalme wao wa sasa, ilianza Mei 2019. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi. Reiwa ya kwanza ni 2019, so R3 ni 2021. Ukiona H, hiyo ni Heisei, enzi ya babake. H30 ni 2018. Na 94,300 ni kilomita. Kuna fundi huko Japan alimwaga oili siku hiyo, akasoma namba kwa dashibodi, akaiandika ili mwenzake wa kesho ajue.

Sasa piga hesabu na sisi. Februari 2021, gari ina 94,300. Maegesho aliinunua yadini 2023, ikiwa na 61,000.

Kimya. Hata kunguru wa mwembe walinyamaza.

Gari haiwezi kuwa kijana zaidi kila mwaka. Mahali fulani kati ya meli na yadi, mtu alirudisha maileji. Alisafisha viti, akang'arisha taa, akapulizia ile harufu ya gari mpya, akamwambia mteja ilikuwa ya mwalimu anaenda sokoni Jumamosi. Alitengeneza Japan ya kuangaliwa. Lakini hakujua kusoma Kijapani, so kikaratasi akakiacha mlangoni. Yule fundi wa mbali na kalamu yake akawa shahidi.

Nilikasirika. Bado nimekasirika nikiandika hivi. Ile doh ilipita milioni, na nusu yake ilitoka kwa chama cha mathe, wamama wa Barsheba wanaouza samaki na maandazi. Usicheze na doh ya chama.

So nikupe rada, bure, juu wewe ni wa mtaa. Kenya hatukubali gari ya zaidi ya miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na lazima ikaguliwe kulekule kabla ya kupanda meli. Hiyo unaijua. Ile wengi hawajui ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya mtumba Japan hupita mnadani, na kila gari ina karatasi yake: maileji, gredi, na mchoro wa bodi wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni mahali pamebonyea. Gredi 4.5 ni safi. R pale ina maana ilishapata ajali ikatengenezwa. Usichanganye: R ya mlangoni ni mwaka, R ya mnadani ni ajali. Itisha hiyo karatasi. Ukiambiwa ilipotelea baharini, na wewe potea.

Halafu fungua mlango uangalie nguzo.

Kwa spea ni hivyo hivyo, na hapa fundi ni profesa. Siku ile Vitz ilihitaji boljointi. Maegesho akatumwa dukani, akarudi na boksi limeandikwa 555 kubwa. Triple Five ni Japan ya ukweli, kila fundi Mombasa anaijua. Na juu ina jina, boksi lake huigwa. Fundi hakusoma boksi hata kidogo. Alitoa chuma, akakipima kwa mkono ka mtu anapima nazi. Akakizungusha. Akakipangusa na ule mkono wa koti la kijivu, akatafuta maandishi yaliyo ndani ya chuma chenyewe, yaliyopigwa kiwandani. Kulikuwa na wino tu. Akasugua na kitambaa chenye petroli, wino ukatoka. Akakirudisha ndani ya boksi, akamnyooshea Maegesho bila kusema kitu.

Alichofunga baadaye kilikuwa ex-Japan, yaani spea iliyotolewa kwa gari lililokatwa huko kwao. Imeshatumika miaka, kona moja ina grisi nyeusi ya zamani. Na fundi aliishika kwa imani kuliko ile iliyong'ara. Ukiwa mgeni utashangaa: mtu ananunua kuukuu na anaacha mpya? Ndio. Kile kikuukuu kilishapimwa na mtu anayejali.

Wazee wa baraza, hao tuwasalimie tu tupite. Kwao kila matatu ni nissan. Mzee ameketi ndani ya Toyota Hiace, kwa usukani nembo ya Toyota inamwangalia usoni, anapiga simu: "Niko ndani ya nissan, nafika Lights." Na ukimuonyesha Vitz atakwambia hilo ni bati la sadini, gari ilikuwa Datsun. Kweli Datsun ilishinda Safari Rally 1970, ikarudia 1971, hizo heshima zao. Ila ukimskiza utadhani ni yeye aliyeshika ramani. Mzee, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 ilibebwa na Toyota Yaris. Na Yaris na Vitz ni mtu mmoja: moja jina la pasipoti, ingine jina la nyumbani. Bati la sadini, eti.

Lakini hapo nami nilisimama kidogo nikawaza. Ile Yaris ya rally iliundwa Ufini, hapo ndipo timu ya Toyota imeweka karakana. Na Vitz ya kwanza kabisa, ya 1999, aliyeichora ni Mgiriki, anaitwa Sotiris Kovos. So ndai ya Kijapani kuliko zote mtaani ilitoka kwa penseli ya Mgiriki! Halafu toka hapa uende Miritini, pale AVA. Miaka na miaka wanaunganisha Toyota Land Cruiser, mikono ya majamaa wa Changamwe na Mikindani. Kuna wasee hudharau: "Hiyo si Japan, hiyo ni ya Miritini." Mimi naikubali kabisa. Bolti ikikazwa kwa kipimo kile kile, na anayeikaza akijua kwa nini ni kipimo hicho, kuna nini tena? Ukitaka hewa ya Tokyo ndani ya tairi, tuma ndoo.

Na daraja? Kila siku tunavuka Nyali Bridge kwenda tao, tumebanwa ndani ya hiyo "nissan", konda ananing'inia mlangoni. Zamani palikuwa na daraja la kuelea, la 1931. Hili la sasa lilijengwa na Wajapani, Sumitomo, likafunguliwa 1980. Muulize mzee barazani nani alilijenga, atakwambia Mzungu. Muulize Maegesho, alikuwa hajui, na anapita hapo mara nne kwa siku na stika zake. Halina joka. Halina herufi nyekundu. Limebeba kila mtu wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa anayeenda kutafuta riziki kisiwani, zaidi ya miaka 40. Ka kuna kitu cha Kijapani Maegesho anafaa kukipigia saluti, ni hicho.

Sasa sanduku la nyanya, nilikuahidi.

Nyanya yangu ana sanduku la mbao, lina kufuli, lina harufu ya udi. Chini kabisa kuna kanga za ujanani mwake. Idd iliyopita alikuwa anazianika, mimi namshikia. Moja ilikuwa ya maruni, rangi bado inapiga kelele, kitambaa laini ka kope. Maneno yako wazi, herufi zimenyooka, nukta mahali pake. Kwa pindo, Mali ya Abdulla. Hao ni Kaderdina Hajee Essak, wa Biashara Street, wameuza leso Mombasa tangu 1887. Na kando, herufi ndogo mno: MADE IN JAPAN.

Nikaketi chini kabisa.

Ni kweli, na hakuna mtu alituambia shuleni. Miaka ya 1950 na 1960, kanga nyingi za Mombasa na Zanzibar zilichapwa Japan, nyingine Kyoto kwenyewe, mji wa kimono. Wafanyabiashara wa huku walituma mchoro, rangi na jina la leso. Kule fundi akachonga, akachapa, akapakia melini. Picha hiyo: jamaa Kyoto, hajui hata neno moja la Kiswahili, ameinamia kitambaa anapanga fumbo la mke mwenza, herufi moja moja. Ka Maegesho tu, anaandika lugha asiyoisoma. Lakini huyu nyuma yake alikuwa na mtu anayeisoma, wa Biashara Street. Na huyo wa Biashara Street nyuma yake alikuwa na wamama wa Mji wa Kale, ambao wangeikataa leso mbele ya watu ikikosewa. Neno lilikuwa na wenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia nyanya kwa furaha yote, "Nyanya, hii leso ni ya Japan!"

Aliniangalia ka nimetukana. "Wajapani watajulia wapi mambo ya mafumbo? Leso ni ya hapa hapa Mombasa. Niondokee."

Nikamuonyesha pindo. Made in Japan. Akaweka miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hiyo stika tu," akasema, akaikunja.

Maze nilicheka mpaka nikashika ukuta. Huwezi kubishana na nyanya wa Kisauni. Stori niliipeleka maskani, na Maegesho akacheka kidogo, halafu akanyamaza, akaenda kuangalia boneti yake kwa muda mrefu.

Jumamosi alikuja na ndoo ya maji moto na kadi ya simu ya zamani. Tulikwangua mbogi nzima, zamu kwa zamu. STI ilitoka haraka. MAEGESHO YA WATEJA ilisumbua, imeacha kivuli mpaka leo, ukisimama upande wa jua unakisoma. Fundi akabadilisha oili. Alipomaliza akachukua kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika kwa nguzo ya mlango, chini ya kile cha Kijapani. Akajifuta mikono. Akamuuliza Maegesho maileji ya kweli ni ngapi, wakakaa wakapiga hesabu pamoja, kutoka ile 94,300. Akaandika kwa kalamu: tarehe, kilomita, OILI. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wa yule wa Japan, lakini namba ni safi.

Kikaratasi cha R3 hakukigusa.

Maegesho akaketi, akafunga mlango, akawasha. Mrembo akaitisha kadi yake, na mama mahamri, kutoka ng'ambo ya barabara, hajageuka hata kutoka kwa karai: "Salama, mwanangu!"

Nilishamwambia mara tatu ni kadi. Anasema hata hivyo mtu akikusemesha asubuhi, unaitika.